UZI: Janga na maafa – kuisoma hatari ya kiwanja chako Arusha na Moshi kabla ya Masika

#1 KorongoLaThemi

Wakuu salaam. Masika ikikaribia maswali huwa yaleyale: mwaka huu mvua itakuwaje, na mafuriko yatakuja? La kwanza wenyewe ni Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). La pili mvua peke yake haiwezi kulijibu, ndiyo sababu ya uzi huu.

Tuanze na maneno maana yanachanganywa sana. Janga ni tukio lenye uwezo wa kudhuru: mvua kubwa, tetemeko, mteremko kuporomoka, majivu ya volkano, ukame. Maafa ni pale janga linapowakuta watu na mali zao likawazidi uwezo wa kujimudu. Kati ya hayo mawili kuna maswali mawili ambayo majibu yake tunayo sisi: nani na nini kimekaa njiani, na hicho kilichokaa njiani kina uimara gani.

Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga upande wa Gelai, karibu na Ziwa Natron. Hapa Arusha watu walitoka maofisini, na Nairobi vilevile. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 likapiga Kagera. Watu 17 walifariki na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka. Namba ni ileile. Natron ni nchi ya wafugaji, maboma yametawanyika na kuta zake ni fito na udongo mwembamba. Bukoba, mkoani Kagera, kuna mji, kuna kuta nzito za tofali zisizofungwa kwa nondo. Kila ukisikia "ni mapenzi ya Mungu" kumbuka hesabu hiyo, halafu uangalie ukuta ulioegemea.

Turudi kwenye maji maana ndiyo yanayotusumbua kila mwaka. Milimita 50 za mvua ni lita 50 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 100 linamwaga lita 5,000. Hekta moja inapokea mita za ujazo 500, yaani maboza 50 ya lita 10,000 kila moja. Kwenye shamba la migomba sehemu kubwa inazama. Kwenye mtaa wa bati, lami na nyua zilizosakafiwa, inakimbia. Wahandisi wa mifereji hutumia kipimo cha sehemu ya mvua inayokimbia juu ya ardhi: 0.2 hadi 0.3 kwa ardhi yenye majani, na 0.6 au zaidi kwa mtaa uliobanana. Maana yake mvua ileile, kwenye ardhi ileile, baada ya miaka ya ujenzi inatoa maji mara mbili au tatu, tena yanafika mtaroni haraka zaidi kwa sababu hakuna kinachoyachelewesha.

Chukua hekta 20, kipande cha mita 400 kwa 500. Mvua ya milimita 40 kwa saa, kipimo 0.6. Hapo unapata mita za ujazo 4,800 kwa saa, karibu 1.3 kwa sekunde. Kalavati la kipenyo cha milimita 900, maji yakienda mita 2 kwa sekunde, linapitisha hizo 1.3 na limejaa hadi juu. Sasa likiwa na mchanga na chupa za plastiki hadi nusu, linapitisha chini ya nusu ya hizo, kwa sababu njia imepungua na msuguano umeongezeka. Maji yanayobaki yanapanda barabarani na kuingia nyumba ya kwanza iliyo chini ya usawa wa lami.

Na Arusha kuna mteremko. Kilele cha Meru kiko mita 4,566, mjini ni kama 1,400, na umbali kwa mstari wa kunyooka ni kama kilomita 15. Themi, Naura, Ngarenaro, Kijenge, Burka, zote zinateremka kutoka huko na kupita katikati ya makazi. Maji hayo hayaishii Muriet, kusini mwa mji. Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inapita Arusha Chini na kuishia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa hiyo ndugu zetu wa upande wa Moshi wanapokea mvua ya Kilimanjaro na ya Meru pia.

Wanaojua miteremko, ujenzi na milima, karibuni muongeze.

#2 NjiaPandaHimo

Shukrani mkuu. Swali: TMA wakitoa Angalizo, na siku nyingine Tahadhari, mtu wa kawaida afanye nini tofauti? Maana mara nyingi tunasoma tu na kuendelea na kazi.

#3 KorongoLaThemi

@NjiaPandaHimo ngazi ni tatu: Angalizo (njano), Tahadhari (rangi ya chungwa) na Tahadhari Kubwa (nyekundu). Taarifa hutolewa kwa siku tano mbele, na kila siku inaonyeshwa kwenye ramani yake. Watu wengi wanaangalia rangi tu wakaacha mistari miwili ya chini: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Hiyo ni mizani miwili tofauti. Athari kubwa yenye uwezekano mdogo bado inakutaka uamue mapema mtoto atalala wapi.

"Mvua kubwa" kwenye taarifa zao ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Hapo kuna jambo la kuelewa. Milimita 50 zikitawanyika mchana na usiku, mitaro mingi inazimudu. Hizohizo zikishuka kwa saa moja ni msiba. Tena angalia udongo: milimita 30 baada ya wiki nzima ya mvua zinaweza kutoa maji mengi korongoni kuliko milimita 60 za mwanzo wa Masika, kwa sababu udongo umeshiba. Ndiyo maana nashauri kila mtaa uwe na kipimamvua. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka linafaa, mdomo na kitako viwe na upana mmoja. Lifunge kwenye nguzo, juu kama mita moja, mbali na mti au paa kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au paa hilo. Kila siku saa 3 asubuhi chovya rula, andika milimita, mwaga. Likiwa na kuta zilizoinama kama ndoo, namba itakuwa ya uongo.

Kwa vitendo: Angalizo, safisha mdomo wa kalavati na mtaro wako, panga nyaraka kwenye mfuko usioingiza maji. Tahadhari, ondoa vitu vya umeme sakafuni, amua njia ya kutoka ambayo haivuki korongo, mjulishe mpangaji wa nyumba ya chini. Tahadhari Kubwa, anayelala ukingoni asilale hapo usiku huo. Mafuriko ya usiku ndiyo mabaya zaidi kwa sababu hakuna anayeyaona yakipanda.

#4 Kihamba_Uru

Nichangie upande wa miteremko maana mjini mafuriko yanazungumzwa sana, na huku juu udongo ndio unaoua.

Mteremko unasimama kwa sababu chembe za udongo zinashikana na kusuguana. Maji yakijaa kwenye matundu ya udongo yanafanya mambo mawili kwa pamoja: yanaongeza uzito na yanapunguza mshikamano. Udongo wa volkano wa kwetu una sifa nyingine, unanyonya maji mengi ukaonekana mgumu kwa juu, na chini yake kuna tabaka la mwamba au udongo wa mfinyanzi ambalo halipitishi. Maji yanakusanyika kwenye mpaka huo, na safu nzima ya juu inateleza kama mkeka.

Katesh, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023 ilitufundisha sura ya pili ya jambo hili. Sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, ikachanganyika na maji, ikawa tope linalofuata mkondo hadi mjini likiwa na mawe na magogo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tope la aina hiyo mita moja ya ujazo inaweza kufika kilo 1,600 hadi 2,000, maji matupu ni 1,000. Ndiyo maana linabeba jiwe la ukubwa wa gari. Wengi wanadhani waliokaa mbali na mlima wako salama. Tope halipigi kwa umbali, linapiga kwa mkondo. Aliye kilomita nyingi chini lakini kwenye mdomo wa korongo yuko njiani, na aliye karibu na mlima ila kwenye mgongo wa kilima anaweza asiguswe.

Dalili zake, kwa mpangilio ambao zinaweza kuonekana: ufa wa umbo la mwezi mchanga kwenye shamba la juu, hata wa upana wa kidole, miti, nguzo za umeme au masale ya mpaka kuinama kuelekea bonde, mlango uliokuwa unafunga vizuri kuanza kukwama, chemchemi kutokea mahali ambapo haikuwepo, hasa kama maji yake ni ya tope. Ya mwisho naomba isomwe mara mbili: mto ukipungua ghafla huku mvua inaendelea, kuna kizuizi juu. Kizuizi hicho kikiachia, kila kilichojikusanya kinashuka kwa mara moja. Usiende kuangalia. Toka kwa kupanda pembeni, mbali na mkondo. Ukikimbia kuufuata bonde, linakufikia.

Ufa ukiuona, uzibe kwa udongo ulioshindiliwa ili maji ya mvua yasiingie, chimba mfereji mdogo wa kuyaelekeza pembeni juu ya ufa, na usimruhusu mtu kulala chini yake. Kuziba hakuponyi mteremko, kunanunua muda.

Kuhusu mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachagga ya kumwagilia: mfongo usiosafishwa ni hatari kubwa kuliko mvua yenyewe. Ukijaa majani, maji yanapasua ukingo na kumwagika sehemu moja ya mteremko kwa masaa. Kabla ya Masika kila familia isafishe kipande chake, na mlango wa kuchukulia maji mtoni ufungwe siku za mvua kubwa. Desturi hii ilikuwepo, imelegea sehemu nyingi, na inauma kuona hivyo.

Mimea: nyasi za vetiva zipandwe kwa kufuata kontua (mstari wa kimo kimoja kwenye mteremko), shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, na pengo likibaki maji yatapita hapohapo. Mabingobingo yanafaa kingo za matuta na ng'ombe wanakula. Ila hakuna jani linaloweza kushikilia mteremko unaoteleza kutoka mita tano chini. Mizizi hiyo haifiki huko.

#5 NjiaPandaHimo

@Kihamba_Uru je, mtu akikata mteremko ili apate uwanja wa nyumba, ukuta wa mawe unatosha?

#6 Kihamba_Uru

Unatosha kama maji yana pa kutokea. Kuta nyingi za kuzuia udongo zinaanguka kwa sababu ya maji yaliyofungiwa nyuma yake. Weka matundu ya bomba la inchi 2 kila mita moja hadi moja na nusu, kwa urefu na kwa kimo, nyuma yake kokoto yenye unene wa angalau sentimita 30 kabla ya udongo. Ukiona ukuta umelowa uso mzima na matundu ni makavu, yameziba. Ukiona umeanza kutokeza tumbo, ondoa watu wa chini kwanza, fundi baadaye. Na ukuta wa zaidi ya mita moja na nusu usijengwe kwa macho ya fundi peke yake, mpe mhandisi apige hesabu.

#7 MjumbeWaMtaa

Nimesoma yote. Nizungumzie kiwanja, maana hapo ndipo hatari inaponunuliwa na kulipiwa fedha taslimu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Madalali husema "mto uko kule" wakipima kutoka katikati ya maji ya kiangazi. Kipimo kinaanzia ukingoni, pale mto unapokuwa umejaa. Mita 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima, nenda ukazihesabu mwenyewe.

Ila mita 60 kwenye ramani hazijui urefu. Kiwanja cha mita 100 kutoka mtoni kinaweza kuwa chini kuliko cha mita 40. Kwa hiyo pima kimo. Chukua ule mpira mwangavu wa maji ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi, mita 20 unatosha, uwe hauna mapovu ndani. Ncha moja kwenye alama ya juu kabisa ya mafuriko, ncha ya pili kiwanjani, endelea hatua kwa hatua hadi ufike pa kuweka msingi. Alama ya mafuriko utaipata kwa takataka zilizonasa kwenye matawi na nyaya za uzio, mstari wa tope kwenye kuta za jirani, na mchanga mwembamba uliotuama mahali ambapo si mtoni. Waulize watu watatu wasiojuana, na mmoja awe mama anayeuza genge hapo kwa miaka. Sakafu ya nyumba iwe juu ya alama hiyo kwa nusu mita au zaidi. Kumbuka alama ya juu uliyoiona ni ya mvua iliyokwisha kunyesha, na mtaa wa juu bado unajengwa.

Angalia pia korongo kavu. Korongo lisilo na maji miezi kumi bado ni mto. Kwenye viwanja vipya vya pembezoni mwa Arusha yanafukiwa kwa moramu na kuuzwa. Dalili ni udongo wa rangi tofauti katikati ya kiwanja, mimea michanga ya umri mmoja, na kalavati la barabarani linaloelekea uani kwako. Barabara haiwekewi kalavati bila sababu. Kama lipo na mbele yake kuna uzio, maji yatauondoa huo uzio.

Upande wa mamlaka: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wako kamati ina nani na inakutana lini. Kama jibu ni kimya, mkutano mkuu wa mtaa una haki ya kulidai.

#8 Nondo12

Naingia kwenye matetemeko. Tuko pembeni ya Bonde la Ufa, ardhi itatikisika tena, swali ni kuta.

Ukuta wa tofali umezoea kubeba uzito kutoka juu kwenda chini. Tetemeko linausukuma kwa ubavu, na hapo tofali haina nguvu. Kinachookoa ni kuifunga nyumba iwe sanduku moja. Lenta, yaani mkanda wa zege lenye nondo, izunguke nyumba nzima bila kukatika, si vipande juu ya milango na madirisha tu. Nondo nne za milimita 12, ringi za kuzifunga za milimita 8 kila sentimita 20, na ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya zege, zisiachwe zimekaa mraba kama sanduku la kufungua. Kwenye kona ndipo mafundi wanapokosea zaidi: nondo za kuta mbili zinaishia konani zikitazamana. Zinatakiwa zikunje kona na kulaliana sentimita 60 kwa nondo ya 12. Bila hivyo kona inafunguka, kuta mbili zinaachana, na paa linafuata.

Weka nguzo za zege kwenye kila kona na kila baada ya mita 4 hivi za ukuta mrefu, zianzie kwenye msingi na nondo zake ziingie lenta. Dirisha lisiwe chini ya sentimita 60 kutoka kona. Ile pembetatu ya tofali inayopanda kushikilia kenchi ndiyo ya kwanza kuanguka, kwa sababu imesimama peke yake juu ya lenta. Afadhali ifunikwe kwa mbao na bati.

Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mfuko wa saruji wa kilo 50 upate maji lita 25 hivi. Fundi anapenda liwe jepesi lishuke lenyewe, anaongeza ndoo, na kila ndoo inayoongezwa inapunguza nguvu. Mwagilia siku 7 kwa uchache. Mchanga wa korongoni upime: chupa yenye mchanga sentimita 10, jaza maji, tikisa, iache saa moja. Tope linalokaa juu ya mchanga likizidi milimita 8, uoshwe. Tofali iangushe kutoka kimo cha kifua kwenye udongo mgumu. Ikivunjika vipande vipande, irudishe kwa aliyekuuzia.

Tetemeko likianza, usikimbilie mlangoni. Ingia chini ya meza imara, kinga shingo, subiri litulie, ndipo utoke. Wanaoumia wengi hupigwa na vinavyoanguka wakati wanakimbia.

#9 MajivuMeusi

@Nondo12 nakubaliana kwa jengo la zege na ghorofa. Kwa chumba kimoja cha tofali za udongo zisizo na lenta, na mtu yuko hatua mbili kutoka mlango unaofunguka uwanjani, kutoka mara moja ni sahihi zaidi, kwa sababu hapo linaloanguka ni jengo lote. Ijue nyumba yako kabla, ndipo uchague kanuni.

#10 Nondo12

@MajivuMeusi sahihi, nakubali. Niongeze basi: uwanja huo usiwe na ukuta wa uzio au nyaya za umeme juu yake.

#11 MajivuMeusi

Kuhusu volkano, kwa ufupi maana watu wanaogopa isiyo na haraka na kuisahau iliyo hai. Oldoinyo Lengai iko hai. Lava yake ni ya pekee duniani kwa volkano zilizo hai, ni ya kaboneti, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, inatoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikikaa hewani. Lakini Septemba 2007 ilibadilika, ikalipuka kwa majivu hadi mwaka 2008. Iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Arusha, wafugaji wa jirani ndio walio njiani zaidi. Meru ilitoa majivu kidogo mwaka 1910. Ubavu wake wa mashariki ulishaporomoka wote maelfu ya miaka iliyopita, na maziwa ya Momella yamekaa juu ya kifusi hicho. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inatoa gesi tu, hakuna mlipuko ulioandikwa katika historia.

Majivu yakija: tenganisha bomba la paa na tanki kabla ya jambo lingine lolote, funika tanki na kisima. Funga pua kwa barakoa au kitambaa chenye unyevu. Paa lisafishwe kabla ya mvua, maana majivu yenye unene wa sentimita 10 yakilowa yanafika kilo 100 hadi 200 kwa mita ya mraba, na kenchi za nyumba zetu hazikupangiwa mzigo huo. Panda kwa ngazi iliyofungwa na fagia pande mbili za paa kwa zamu, ukimaliza upande mmoja wote mzigo unaegemea. Mifugo isile majani yenye majivu, yana floridi.

Na floridi tusiisahau siku za kawaida. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana kiwango kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, na meno na mifupa ya watoto ndiyo inayolipa. Kuchemsha hakuitoi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua. Inachujwa kwa mkaa wa mifupa, Ngurdoto kuna kituo kinachoshughulikia hilo. Ni janga la polepole, halina siren wala picha za televisheni, na linaumiza watu wengi.

#12 NjiaPandaHimo

Naomba tumalizie barabara. Dereva wa gari dogo akikuta maji yanapita juu ya kalavati, kina gani ni salama?

#13 KorongoLaThemi

Yanayotembea? Hakuna. Nipige hesabu ili isibaki kauli tu.

Gari la kilo 1,100 lina tumbo la kama mita 4 kwa 1.6, yaani mita za mraba 6.4. Maji yakishafika kwenye sakafu yake, kila sentimita inayoongezeka inalinyanyua kwa kilo 64. Sentimita 17 juu ya sakafu, uzito wote umebebwa. Sakafu yenyewe iko kama sentimita 18 kutoka ardhini. Jumla ni sentimita 35, chini ya goti. Na halihitaji kuelea lote. Matairi yakishapoteza nusu ya uzito, mkondo unalisukuma pembeni. Basi dogo ni zito zaidi lakini tumbo lake ni pana zaidi, kwa hiyo nalo haliko salama. Nguvu ya mkondo nayo inakua kwa mraba wa kasi: kasi ikizidishwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Mtu mzima anaweza kuangushwa na maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu.

Tena unachokiona ni uso wa maji. Barabara chini yake inaweza kuwa imeshaliwa, hasa upande wa kushukia wa kalavati ambako maji yanachimba shimo. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa hapahapa Arusha na watoto wakapoteza maisha. Anayebeba watoto wa watu asimame juu, azime, asubiri, hata masaa matatu. Mzazi naye asipige simu kumharakisha. Maji ya makorongo yetu yanashuka haraka kama yalivyopanda. Gari likishaingia majini na injini kuzima, shusha vioo mara moja kabla umeme haujakufa, toeni watu kupitia madirishani, na piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112.

#14 MjumbeWaMtaa

Niongeze kwa wa Moshi chini: Mabogini, Kahe, Arusha Chini. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kwenye msitu, inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka wakati Moshi mjini haifiki 1,000. Ndiyo maana mto Rau au Karanga unajaa huku chini jua linawaka. Macho yenu hayawezi kuwa tahadhari. Inabidi tahadhari itoke juu.

Hesabu ya muda ni rahisi. Kilomita 15 za mto, maji yakienda mita 2.5 kwa sekunde, ni dakika 100. Saa moja na dakika 40 zinatosha kutoa watoto, wazee, mbuzi na magunia ya mpunga, mradi simu ipigwe dakika ya kwanza. Kwa hiyo chagueni daraja moja juu, kwa makubaliano na serikali ya kijiji cha huko. Pakeni nguzo yake rangi tatu kwa vimo vilivyopimwa: kijani hadi kimo cha maji ya kawaida ya Masika, njano hadi nusu mita chini ya kimo kilichowahi kufurika, nyekundu kuanzia hapo. Watu wawili wanaoishi jirani na daraja wawe na namba za watu wawili wa chini. Wawili kila upande, maana mmoja atakuwa amelala au simu haina chaji. Wekeni salio kwenye simu hizo kwa mchango wa mtaa. Kundi la WhatsApp liwepo, lakini ujumbe wa nyekundu upigwe kwa sauti, na chini upokelewe kwa kengele ya kanisa au kipaza sauti cha msikiti, kwa mlio mliokubaliana ambao hautumiki kwa jambo lingine. Fanyeni jaribio moja Februari, mchana, mpime tangu simu ya kwanza hadi nyumba ya mwisho kujua. Ikizidi dakika 20, tafuteni ilipokwama.

Baada ya maji kupungua, kabla ya kuingia ndani zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu. Kama kasha lake limelowa usiliguse, ita fundi wa TANESCO. Maji ya kisima kilichofurikiwa yasinywewe hadi kisafishwe na kutibiwa kwa klorini; kwa sasa chemsheni hadi yatokote dakika nzima. Vyoo vya shimo vilivyojaa vinachanganyika na kila kitu, kwa hiyo tope la ndani liondolewe kwa koleo na viatu vya plastiki, watoto wakiwa mbali.

@KorongoLaThemi ukiwa na muda tusaidie na kipimo cha kina cha mfereji wa mtaa wenye upana wa mita 3 kwa mteremko wa asilimia 2, kamati yetu inataka kuuchimba kabla ya mwezi wa tatu.

#15 KorongoLaThemi

Nitumie hapa ukubwa wa eneo linaloumwagia huo mfereji na upana mlionao chini, si wa juu pekee. Na muamue mapema maji yataishia wapi. Mfereji usio na mwisho unapeleka mafuriko kwa jirani, kwa hiyo kamati ya mtaa wa chini yenu ikae mezani kabla jembe la kwanza halijagusa udongo.